Diski Inapofaulu Mtihani

Kompyuta inapoganda kila unapofungua folda fulani, fundi mzuri huanza kwa kuihoji diski yenyewe. Diski za siku hizi hujiwekea kumbukumbu za afya yake kupitia mfumo wa SMART, na programu ya bure kama smartctl huzisoma kwa sekunde chache. Karibu na mwanzo wa ripoti kuna neno moja: PASSED. Wengi huishia hapo, na mwenye kompyuta akaambiwa diski haina neno. Kwa maoni yangu, ripoti hiyo inaweza kuitia diski hatiani, lakini haiwezi kuisafisha.

Tazama hukumu yenyewe inavyotolewa. Kila kipimo kina thamani ghafi, ambayo kwa vipimo tunavyovihitaji hapa ni hesabu ya matukio, na kina alama ambayo mtengenezaji ameikokotoa kwa kanuni zake. Diski hufeli pale tu alama inaposhuka hadi kikomo alichokiweka mtengenezaji huyohuyo. Sasa shuka hadi mstari wenye namba 197, unaohesabu sekta zilizoshindikana kusomeka na ambazo hatima yake bado haijaamuliwa. Katika diski nyingi kikomo cha mstari huo ni 0, maana yake hakuna namna ya kufeli: thamani ghafi iwe 8 au 800, PASSED haitikisiki. Kwa mwenye picha za harusi ndani ya sekta hizo, alama hiyo haina maana yoyote.

Ushahidi upo. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la usomaji ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Hapo ndipo penye uwezo wa kutia hatiani. Lakini katika utafiti uleule, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne zenye uzito zaidi. Zilikufa na rekodi safi.

Atakayepinga atasema dalili nazo hudanganya, na diski mpya ni pesa. Kweli. Mwaka 2016 kampuni ya kuhifadhi data ya Backblaze ilieleza kwamba asilimia 4.2 ya diski zake zilizokuwa bado kazini zilikuwa na angalau dalili moja kati ya tano inazozifuatilia. Tena mstari wa 199 ukipanda, mshukiwa wa kwanza ni waya wa data, na waya ni bei rahisi. Ila pingamizi hili linahusu kununua diski, na swali la kwanza ni la kunakili data. Kunakili kwa tahadhari ya bure hukugharimu muda tu.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko kipimo chochote. Kuendesha chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, au jaribio refu la SMART kwenye diski inayoyumba ni kuisomesha kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuokoa faili hata moja, na chkdsk huenda ikabadilisha mpangilio wa faili zenyewe. Anza na ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huweka ramani ya yaliyogoma, kisha huyarudia.

Nakala ikishakamilika na kuhakikiwa, ndipo diski ihojiwe bila huruma. Iandike sifuri sehemu zote, halafu usome ripoti upya. Mstari wa 197 ukirudi 0 huku mstari wa 5, wa sekta zilizobadilishwa kwa akiba, haujasogea, huenda umeme ulikatika katikati ya uandishi na uso wa diski ni mzima; ipe kazi ya kubeba filamu. Mstari wa 5 ukipanda, na ukapanda tena baada ya wiki, itoe kazini hata kama PASSED bado iko palepale.