Vyombo Ni vya Nani?

Kwa waliokulia kwenye muziki wa dansi, swali la kwanza kuhusu bendi yoyote halikuwa nani anaimba. Lilikuwa hili: vyombo ni vya nani? Magitaa, dramu, tarumbeta, amplifaya, vyote vilikuwa na mwenyewe, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na koo lake na vidole vyake tu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Wanamuziki walilipwa mshahara wa mwezi. Mfumo huo ulitupa nyimbo ambazo mpaka leo zikipigwa harusini wazee wanainuka, nami siubezi hata kidogo. Lakini mwenye vyombo alikuwa pia na neno la mwisho, na kabla wimbo haujarekodiwa Radio Tanzania, mashairi yake yalipita kwanza mikononi mwa wakaguzi.

Kwa sababu hiyo nasifu, kutoka huku Kibimba, nchi ya Ngara na Biharamulo, kazi ya mikono ya watu wa mbali: bendi za ska panki, zile zinazoimba siasa na kujifanyia kila kitu zenyewe. Vijana wengi wa huku hawajawahi kuzisikia. Wanayo haki ya kuzijua.

Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, mento ya kijijini ilipokutana na muziki wa Wamarekani weusi uliokuwa ukidakwa redioni kutoka ng'ambo ya bahari. Utamu wake uko kwenye gitaa la ridhimu. Mpigaji huliacha pigo zito lipite, halafu hukata nyuzi kwa kupandisha mkono katika ile nafasi iliyobaki wazi kati ya pigo na pigo. Besi hutembea bila kupumzika. Tarumbeta na saksafoni hujibizana na mwimbaji. Anayeijua NUTA Jazz na wapulizaji wake hatapotea humo. Panki ilikuja baadaye, ikalipuka Uingereza mwaka 1976: mwendo wa kasi, sauti ya kukaripia, nyimbo fupi zisizo na subira. Ukiziunganisha hizo mbili unapata hasira inayochezeka, na kuipata si jambo rahisi. Wimbo wa siasa usiochezeka husikilizwa na waliokwisha kukubali tu. Ule unaoinua miguu humfikia hata aliyekuja kustarehe.

Mjini Coventry, mwaka 1979, kijana aitwaye Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone. Bendi yake, The Specials, ilichanganya weusi na weupe jukwaani wakati ambapo makundi ya wabaguzi yalikuwa yakiwinda vijana mitaani. Santuri yao ya kwanza waliitoa kwa fedha ya kukopa, na bahasha zake waliketi chumbani wakazigonga mihuri kwa mkono, moja baada ya nyingine. Miaka miwili kabla yao, Buzzcocks wa Manchester walikuwa wamekusanya pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakachapisha nakala 1,000 za kwanza, na kwenye jalada wakaeleza jinsi kila wimbo ulivyorekodiwa ili msomaji aone kwamba naye anaweza. Crass waliandika bei kwenye majalada yao wenyewe, mnunuzi asilipe zaidi ya hapo, hivyo muuza duka hakuwa na nafasi ya kupandisha.

Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe. Sauti nzuri ni karama, wengine huzaliwa nayo. Lakini kugonga mihuri usiku kucha, kupanga bei ambayo mtoto wa kibarua ataimudu, kubeba spika mgongoni, kufagia ukumbi baada ya onyesho, hiyo ni kazi inayofundishika, na anayeifanya anajua kila shilingi imetoka wapi na imeenda wapi. Huko Berkeley, California, vijana walifungua ukumbi wa Gilman Street tarehe 31 Desemba 1986. Kiingilio kilikuwa kidogo, wahudumu walijitolea, na pombe, ugomvi na ubaguzi vilipigwa marufuku. Humo ndimo ilimokulia Operation Ivy, bendi iliyojipa jina la majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani ya mwaka 1952. Walikuwa wanne. Walidumu miaka miwili, kuanzia 1987 hadi 1989, wakatoa albamu moja tu, *Energy*, na karibu kila bendi ya ska panki iliyokuja baadaye imenywa kwenye kisima hicho.

Lakini tusidhani kwamba sisi tunapokea tu. Mwaka 1967 warekodi kutoka Ufaransa walinasa ngoma za Burundi, zile zinazochongwa kwa gogo la mringaringa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, ngoma ambazo sisi wa upande huu wa mpaka hatuhitaji kuelezwa ni nini. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja alizipachika piano na gitaa, akatoa *Burundi Black*. Ilipofika mwaka 1980, bendi za London zilizotoka tumboni mwa panki, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zilijenga mapigo yao juu ya mlio huo na kupanda chati. Wapigaji wa Burundi hawakuandikwa popote kuwa watunzi. Hapo panki iliivunja sheria yake yenyewe, na nalitamka jambo hili kwa uchungu kwa sababu naipenda. Aliyekuwa na mashine ya kurekodi ndiye aliyepata jina. Aliyechonga ngoma na kuitwanga mpaka mikono ikafa ganzi hakupata.

Kuna jambo zito zaidi, na mtu wa Ngara hawezi kuandika juu ya nyimbo na siasa akalikwepa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani kwetu. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti. Redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 kwa fedha za matajiri na wenye vyeo, ilikuwa imechochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda huku ikipiga muziki uliopendwa. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15. Kilichomtia hatiani si nyimbo zenyewe bali maneno ya uchochezi aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani. Hata hivyo mahakama ilieleza wazi jinsi nyimbo zake zilivyotumika kueneza chuki. Kwa hiyo sisi hatuwezi kusema kwamba kila wimbo wa siasa ni mwema. Kipaza sauti kilikuwa na mwenyewe hata siku ile. Mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapahapa Ngara, ili wakimbizi waliotiwa sumu na redio moja wapate nyingine ya kuwasaidia kuishi. Redio ni ileile, maiki ni ileile. Tofauti ilikuwa mkono ulioishika.

Ndiyo maana nasisitiza ile nusu ya pili ya ska panki, ya kukataa ubaguzi. Kumiliki vyombo bila kusimama na mnyonge ni hatari tupu.

Afrika Mashariki inao watu wa namna hii. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo ya mashariki, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na bendi ya Makassy, kisha akawa moyo wa bendi ya Matimila. Aliimba juu ya umaskini na kifo, na watu wakacheza. *Mambo kwa Soksi*, wimbo wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ukiua na wakubwa wakiona haya kuutaja, haukupigwa Radio Tanzania. Ukatembea kwa miguu yake mwenyewe, kumbini na kwenye kaseti. Alifariki Desemba 2010, na Sinza bado kuna kituo kinachoitwa kwa Remmy. Nairobi nako kuna Crystal Axis, bendi ya panki ya vijana wa Kiafrika. Wao wameimba juu ya Mfalme Leopold na damu ya Kongo, na juu ya Nyayo House, jengo ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesa wapinzani enzi za Moi. Walio wengi wa umri wao hawakufundishwa vizuri habari hizo shuleni. Wamezipata kwenye gitaa.

Ninyi vijana wa Kibimba mnaochangishana fedha za spika na kompyuta ya kurekodia, nawaomba mambo machache. Kabla ya wimbo wa kwanza, andikeni kwenye karatasi vyombo ni vya nani, na viwe vya kwenu wote. Mfadhili akija na spika kubwa kuliko zenu, hasa karibu na uchaguzi, muulizeni kwanza anataka muimbe nini. Mkimwita mzee aje kupiga ngoma, jina lake liandikwe kwenye wimbo na fungu lake alipwe siku hiyohiyo. Kiingilio kiwe kile ambacho mchuma kahawa anaweza kukitoa. Kisha tuiteni, tutakuja kucheza.