Bunduki ya Semboja Ilitoka Wapi? Uhakiki wa Habari za Wakilindi

Katika semina za itikadi tunazoendesha Muheza kwa viongozi wa mashina na matawi, hapana somo linalozua ubishi kama somo la mabavu. Tukifika hapo, kila mara husimama ndugu mmoja, mara nyingi mtu mzima mwenye heshima zake, akasema: "Mwalimu, binadamu ni mnyama. Bila fimbo haendi." Darasa hucheka, wengine hupiga makofi, na mjadala hufungwa kabla haujafunguliwa. Ndugu huyo hasemi kwa ubaya. Anasema alichokiona: mume anayempiga mkewe jioni ya siku ya kuuza machungwa, kibaka anayechomwa moto kabla polisi hawajafika, watoto wa baba mmoja wanaokatana mapanga kwa ajili ya shamba la minazi. Lakini jambo kuonekana kila siku si ushahidi kwamba ni la asili. Malaria nayo tumeiona kila siku tangu utoto, na hapana anayesema ni hulka ya watu wa Muheza.

Dhana hii ni ya hatari kwa kada kuliko kwa mtu mwingine, kwa sababu anayeamini kwamba watu ni wanyama huishia kujiona yeye ndiye mchungaji. Kwa hiyo tumeona yafaa kuijadili, na tutaijadili kwa kuhakiki kitabu kilichochapwa hapa hapa petu. Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali, kilitoka kwa sehemu tatu kwenye mtambo wa misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kikatolewa upya mwaka 1962. Vijana wengi hupita Magila kila siku bila kujua kwamba mahali hapo palichapwa mojawapo ya vitabu vikubwa vya historia katika lugha yetu. Wakikipata hukisoma kama hadithi za wafalme. Sisi tunakisoma kama kumbukumbu ya jinsi mabavu yanavyotengenezwa.

Nadharia ya "binadamu ni mnyama" si hekima ya wazee wetu kama wengi wanavyodhani. Ina vitabu vyake na ina wenyewe. Mwingereza Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651, nchi yake ikiwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwamba watu wakiachwa bila mtawala mwenye nguvu watapigana wote dhidi ya wote. Mwaka 1963 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alitoa kitabu kilichosema kwamba uchokozi ni silika, kama njaa. Wanasayansi 20 walikutana Seville, Hispania, mwaka 1986, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kudai vita vimo katika maumbile ya binadamu, na UNESCO ikalipitisha tamko hilo mwaka 1989. Binadamu anazaliwa na uwezo wa kukasirika na wa kupiga, hilo halibishaniwi. Anazaliwa pia na uwezo wa kulea, kuhurumia na kugawana. Nani huamua ni uwezo upi utumike, lini, na dhidi ya nani? Hapo ndipo kazi ya mwanaitikadi inapoanzia.

Friedrich Engels aliligusa jambo hili mwaka 1878 alipojibizana na Eugen Dühring. Dühring alidai kwamba mabavu ndiyo chanzo cha unyonge na utumwa, akatoa mfano wa Robinson, yule mtu wa kisiwani, aliyemtia Ijumaa utumwani kwa upanga wake. Engels akauliza swali jepesi: upanga huo Robinson aliupata wapi? Tena, angemtia mwenzake utumwani kwa faida gani kama kazi ya mtumwa huyo haikuweza kuzalisha zaidi ya chakula chake mwenyewe? Nyuma ya upanga kuna mfua chuma, nyuma ya mtumwa kuna anayehitaji jasho lake. Tukichukue swali hilo twende nalo Usambara.

Habari za Wakilindi hakianzi na mabavu. Kinaanza na nyama. Mbega, mwindaji aliyefukuzwa kwao Nguu kwa kuwa alikuwa kigego, anafika milimani na mbwa wake, anaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, anawapa watu nyama, nao wanampa vyakula vya shambani. Anamuua simba. Watu wanampa mke, hatimaye wanampa nchi. Tunajua hii ni simulizi ya watawala kuhusu asili yao wenyewe, na hapana ukoo wa kifalme duniani unaosimulia kwamba uliiba nchi. Hata hivyo simulizi hiyo ina maana, kwa sababu inaonyesha watu wa kawaida walidai nini kwa mtawala: alinde mashamba na agawe. Wasambaa wana maneno yao kuhusu hili. Mtawala mwema huiponya nchi, kuzifya shi. Mbaya huibana, kubana shi. Na nguvu mbili zinazolingana zikishindana, nguvu kwa nguvu, mvua hukosekana na njaa huingia. Steven Feierman, aliyeitafiti historia ya Usambara kwa miaka mingi, ameyaeleza vizuri maneno haya. Tazama basi: wakulima wasiopata kumsikia Hobbes walikwisha kueleza kwamba vurugu hutoka juu, katika mashindano ya wenye nguvu, wala si katika damu ya raia.

Kimweri ya Nyumbai alitawala muda mrefu, mamlaka yake yakifika hadi Bonde, ambayo ndiyo Muheza ya leo. Hatusemi ulikuwa utawala wa haki. Raia walitoa kodi na kazi, na watoto wa mfalme waliwekwa kuwatawala watu ambao hawakuwachagua. Ulikuwa ukabaila. Lakini ulikuwa ukabaila uliomhitaji mkulima abaki shambani mwake, kwa kuwa utajiri wa kabaila ulitoka kwenye migomba na mahindi ya mkulima huyo. Mwaka 1862 Kimweri akafa. Mjukuu wake Shekulwavu akakaa Vugha, na Semboja, mwana wa Kimweri, akawa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara itokayo Pangani kwenda bara.

Mazinde si Vugha, na huo ndio ufunguo wa kitabu kizima. Vugha palikuwa mahali pa mvua na matambiko. Mazinde palikuwa mahali pa biashara. Huko chini zilipita pembe za ndovu na watumwa, zikapanda nguo, baruti na bunduki. Mwenye Mazinde alipata bunduki, na kwa bunduki hizo Semboja akamtoa Shekulwavu Vugha na kumweka huko mwanawe. Mwandishi anatueleza ushujaa, hila, matusi na visasi vya jamaa hawa, na anasimulia vizuri kweli, kiasi kwamba msomaji hudhani chanzo cha vita ni kiburi cha Semboja. Kiburi kilikuwapo. Lakini wana wa wafalme wenye kiburi walikuwapo vizazi vyote vilivyotangulia, na nchi haikuvunjika. Kilichokuwa kipya ni soko. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na ya miwa kwenye mto Pangani, yalihitaji mikono. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari haikupigwa marufuku na Sultani hadi 1873. Kwa mara ya kwanza raia akawa na thamani kubwa zaidi akiuzwa kuliko akilima. Hapo kesi zikageuka kuwa biashara: kosa la mtu mmoja, la ugoni au la uchawi, likawa sababu ya kuuza jamaa zake. Kabaila aliyegawa nyama akawa kabaila anayegawa watu.

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuhusu zaidi watu wa Muheza, na ambayo wanafunzi wetu hupenda kuipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei, wakiungana na upande wa Shekulwavu, waliinuka dhidi ya Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Maasi hayo huitwa Kiva. Yalikuwa ya haki. Watu waliokuwa wakiuzwa walikataa kuuzwa, na kwa hilo tunajivunia. Lakini katika Kiva Wakilindi waliuawa, na wengine walikamatwa wakauzwa pwani. Waliouzwa waliuza, katika soko lile lile, kwa njia ile ile ya Pangani.

Mwenye dhana ya unyama hufurahi akifika hapa: "Unaona, Mwalimu? Hata mnyonge akipata nafasi!" Yafaa tumjibu kwa makini. Kama kuuza watu kungekuwa silika, Wabondei wangewauza watawala wao kabla ya soko kuwapo, na wangeendelea kuuzana soko lilipokufa. Hawakufanya hivyo. Walichofanya ni kumwondoa bwana bila kuiondoa njia iliyomlisha bwana, na njia ikaendelea kudai mizigo. Zaidi ya hapo, walikuwa wamefundishwa kwa mfano, kwa miaka, kwamba adui aliyeshindwa ni bidhaa.

Hapa pia tumkosoe mwandishi. Abdallah bin Hemedi alipata kumtumikia Semboja kwa kalamu yake, na jicho lake ni jicho la barazani. Wakuu wote wana majina, nasaba na maneno yao. Raia ni umati: unashangilia, unakimbia, unakamatwa. Mwanamke aliyetolewa rehani kwa deni la mjomba wake hana sauti katika kitabu hiki. Huu ni upungufu wa tabaka, wala si wa kipaji, na ndio unaomfanya msomaji aone mabavu kama tabia za watu wakubwa. Ukisimulia vita kutoka barazani utaona hasira. Ukivisimulia kutoka kwenye mnyororo utauliza bei.

Bei hiyo ilibadilika jina tu baada ya Wajerumani kuinyonga miili ya waliopinga, Abushiri akiwa mmoja wao, Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge, na miche 62 tu iliyopona ndiyo iliyozaa mashamba yote tunayoyajua. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na mwaka huo huo serikali ya Kijerumani ikatoa amri ya kuratibu adhabu ya viboko: si zaidi ya 25 kwa mara moja, ile hamsa ishirini ya wazee wetu, na wanawake, Waarabu na Wahindi wasipigwe. Tuisome amri hiyo polepole. Hasira haihesabu hadi 25. Hasira haibagui kwa daftari. Hiki kilikuwa chombo cha kazi, kama korona ya kusaga mkonge, na kililenga mgongo uliotakiwa shambani. Kodi ya kibanda na kadi ya Usambara ya mwaka 1907, iliyomlazimisha mtu kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne, zilikuwa viboko visivyotoa mlio. Baadaye chini ya Waingereza ikawa kipande, na manamba waliletwa kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji. Msimamizi wa Kizungu alisema nini kuwahusu? Kwamba ni wavivu kwa asili, bila fimbo hawaendi. Ndugu yetu wa semina hajui kwamba amemnukuu.

Wanafunzi wengine hutukosea kwa upande wa pili. Wakishajua neno "mfumo" hulitumia kufuta kila kosa: aliyepiga ni mfumo, aliyechoma nyumba ni mfumo. Hapana. Kusema mabavu yana mizizi katika jamii ni kusema kwamba yanaweza kung'olewa, na anayekataa kuyang'oa hawajibiki chini ya anayeyapanda. Taifa letu huru lenyewe liliweka katika sheria ya mwaka 1963 viboko 24 kwa wezi na wala rushwa, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Sheria hiyo ilipoandikwa upya mwaka 1972 viboko viliondolewa. Mwongozo wa 1971 ulimkataza kiongozi ujeuri na ukandamizaji, na bado katika operesheni za vijiji za miaka iliyofuata wako viongozi waliowahamisha watu kwa nguvu. Mwalimu, katika tathmini yake ya mwaka 1977, hakulificha jambo hilo. Makada wale hawakuwa Wakilindi wala Wajerumani. Walikuwa watu waliojua Mwongozo kwa moyo, ila walipewa tarehe ya kumaliza kazi na hawakupewa muda wa kushawishi.

Na leo? Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi apigwe viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila mzazi wa Muheza anajua kama hesabu hiyo hufuatwa. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alifariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu. Tulipolileta tukio hilo darasani, mada ikiwa Habari za Wakilindi, ndugu mmoja aliuliza linahusianaje na Semboja. Tulimwomba ahesabu wanafunzi walio katika darasa moja la shule ya kijijini kwake, kisha walimu, kisha madawati, arudi kesho yake na majibu. Alirudi na karatasi imejaa takwimu, akasimama mbele ya wenzake, akaanza kusoma kwa kueleza kwamba yeye mwenyewe amewahi kuwa mwalimu wa zamu, na kwamba fimbo alikabidhiwa siku ya kwanza ya kazi pamoja na chaki.