Zijun na Sophia: Wanawake Wawili wa Hadithi za Kichina

Msomaji wa hadithi za Kichina za karne ya 20 hukutana mapema na binti aliyekataa kutawaliwa na ukoo wake. Aghalabu binti huyo husifiwa kwa ushujaa, na sifa hiyo yamstahili. Lakini ni nadra kuulizwa ni nani anayetusimulia habari zake.

Tumtazame Zijun, katika hadithi ya majuto aliyoiandika Lu Xun mwaka 1925. Zijun aliacha nyumba ya ami yake, akaenda kukaa na kijana Juansheng pasipo ndoa, wala hakujali macho ya majirani. Juansheng ndiye aliyemfunza maneno ya uhuru na kumsimulia habari za Nora wa Ibsen. Kisha kijana akafukuzwa kazi. Kuku waliofugwa wakaliwa mmoja mmoja, na mbwa akapelekwa kutupwa nje ya mji. Hapo Juansheng akaanza kumdharau mwenziwe kwa kuwa amegeuka mpishi na mfuga kuku. Je, chakula kile kilipikiwa nani? Juansheng hajiulizi, lakini Lu Xun ni fundi kuliko msimulizi wake, naye ameyaacha majuto yale yajifichue ubinafsi wake yenyewe. Tena Lu Xun alikwisha kuwaambia wanafunzi wa kike wa Beijing, katika hotuba ya Desemba 1923, kwamba Nora akitoka nyumbani bila fedha mfukoni, ama atapotoka ama atarudi. Zijun alirudi kwa baba yake, akafa. Hatukupata ukurasa hata mmoja ulioandikwa kwa mkono wake.

Mwaka 1928 Ding Ling alitoa hadithi ya shajara ya Bibi Sophia, na hapa kalamu imeshikwa na mwanamke. Sophia ana ugonjwa wa kifua kikuu, akaa peke yake katika chumba cha kupanga mjini Beijing. Humcheka mwanamume anayemlilia. Humtamani mwingine, kijana tajiri kutoka Singapore, ilhali atambua kwamba sura ile nzuri imefunika roho duni. Kumtamani mwanamume na kumdharau papo hapo, tena kuyaandika yote mawili, ni jambo lililowachukiza wengi. Katika kampeni ya 1957 na 1958 dhidi ya Ding Ling, Sophia alitajwa kana kwamba ni shahidi wa tabia ya mwandishi. Hukumu dhaifu, kwa maoni yangu, maana mwandishi hakumweka Sophia awe kielelezo cha kufuatwa.

Kwa matendo, Zijun amzidi Sophia. Huyu wa pili hufanya machache: hukohoa, hungoja, huandika. Lakini tukifunga kitabu twamjua kwa wivu wake, hila zake na aibu yake, na Zijun twamjua kwa macho yake tu, jinsi mwanamume alivyoyaona. Hatimaye Sophia akata shauri kupanda gari la moshi kwenda kusini, mahali asikojulikana na mtu. Ding Ling hatuambii kama alifika.