Jiwe la Kaburi Si Kipimo cha Mazishi

Waandishi wengi wa mambo ya kale wana desturi ya kuwapima wafu kwa mawe waliyosimamishiwa. Palipo na jiwe lenye nakshi husifu ustaarabu wa watu na upendo wao. Pasipo na jiwe hunena, au hudokeza, ya kuwa watu wa nchi ile hawakujali wafu wao. Desturi hii imeingia hata shuleni, nasi walimu twaifundisha bila kuichungua. Katika maneno haya machache nataka kuonyesha ya kuwa kipimo hicho ni kibovu, na ya kuwa ushahidi wa ubovu wake upo hapa Uhehe.

Tuanze na Wayunani, maana ndio wanaotolewa mara kwa mara kuwa mfano. Nje ya lango la mji wa Athene pana makaburi ya kale yaitwayo Kerameikos. Mwaka 1870 lilifukuliwa pale jiwe la mwanamke jina lake Hegeso: ameketi kitini, na mtumishi wake amesimama mbele yake akimshikia kisanduku. Jiwe hilo ni zuri, wala hapana haja ya kulipunguzia sifa. Lakini karibu na mwisho wa karne ya 4 kabla ya Kristo, Demetrio wa Phaleron, aliyekuwa mtawala wa mji, alitoa sheria ya kukomesha anasa za makaburini. Nguzo ya kaburi isizidi dhiraa tatu. Tangu hapo mawe makubwa yenye picha yakakoma. Je, mchimbuaji akiziona zile nguzo fupi aseme ya kuwa Waathene walianza kuwasahau mama zao? Kilichopungua ni ruhusa, si huzuni.

Tena kati ya mwaka 1994 na 1995, kabla ya kujengwa stesheni ya reli ipitayo chini ya ardhi, lilifukuliwa karibu na hapo shimo lenye miili ipatayo 150. Wataalamu wanaihusisha na tauni iliyoupiga mji ule tangu mwaka 430 kabla ya Kristo. Waliokuwa chini walilazwa kwa taratibu kidogo. Waliokuwa juu walirundikwa ovyo, na vyombo waliyowekewa ni vichache. Hao nao ni Waathene, wa karne ile ile ya Hegeso. Basi mji mmoja watupa mazishi ya marumaru na mazishi ya shimo, na aliyeona moja tu hajaijua Athene.

Sasa turudi kwetu. Mlambalasi ni mahali penye pango la mwamba, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini Iringa. Kila mtoto wa Uhehe ajua ya kuwa hapo ndipo Mtwa Mkwawa alipojiua mwaka 1898, asitiwe mikononi mwa Wadachi, na ya kuwa kiwiliwili chake kimezikwa hapo. Kaburi lake limejengewa, na wageni huonyeshwa. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, wakiongozwa na Pamela Willoughby, walipochimba katika pango lile mwaka 2006 na mwaka 2010, walikuta mifupa ya watu wa zamani sana. Aliye kamili kuliko wengine alikuwa mtu mzima, mwenye umbo dogo, wa wakati wa zana za mawe; miaka yake huhesabiwa kuwa kama 17,000 au zaidi. Katika tabaka hizo zilionekana pia shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Jiwe la kaburi halikuwapo.

Nani atathubutu kusema ya kuwa watu wale hawakuwa na mazishi? Mtu mmoja mahali pamoja amesimamishiwa jengo, na mwingine amelala karibu yake miaka elfu nyingi pasipo alama. Kama tungelifuata kipimo cha mawe, tungelimwona mmoja tu.

Maandiko Matakatifu nayo hayakubali kipimo hicho. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Rakeli. Lakini Abrahamu, alipofiwa na Sara, alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, wala hatusomi habari ya nguzo. Na Musa mwenyewe, kaburi lake halijulikani na mtu. Hapana padri atakayefundisha ya kuwa Rakeli alipendwa kuliko Sara, wala ya kuwa Musa hakuheshimiwa.

Kosa la pili ni la lugha. Habari za wachimbuaji zikiandikwa kwa Kiswahili, twasoma ya kuwa “mabaki yamepatikana” na “kielelezo kimepimwa”, na mtu huitwa kwa herufi na tarakimu. Najua ya kuwa mtaalamu hana budi kuhesabu alichokiona, na pasipo kazi yake sisi tusingelijua lolote juu ya mtu yule wa Mlambalasi. Kwa hiyo simlaumu kwa hesabu yake. Nawalaumu wafasiri. Kiswahili husema *mfu* na *wafu* katika ngeli ya watu, na wasemaji wengi hunena “maiti huyu”, kana kwamba kifo hakikumtoa katika jamaa. Tena lugha yetu ina *zika*, nayo ina *zikua*, kama vile ilivyo na *fukia* na *fukua*. Neno lenyewe lakiri ya kuwa kumtoa mtu kaburini ni kutangua kazi ya waliomzika. Anayetangua anadaiwa kujibu: atamlaza wapi, na kwa heshima gani?

Swali hilo halijaisha kwa Mkwawa mwenyewe. Kichwa chake kilikatwa na Wadachi. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, katika kifungu cha 246, yaliwaamuru kukirudisha, wala hawakufanya. Mwaka 1953 Gavana Twining alikitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, akakichagua kimoja kwa kuvipima vipimo vyake na kwa kutazama tundu la risasi. Mwaka 1954 kikaletwa Kalenga, ambako huwekwa ndani ya kioo. Basi mtu mmoja ana mahali pawili, fuvu Kalenga na kiwiliwili Mlambalasi. Kama yafaa kuviunganisha, hilo ni shauri la ukoo wake na wazee wa Uhehe. Lakini mwalimu aongozaye watoto Kalenga asiwaache wadhani ya kuwa wameliona kaburi. Wameona kilichorudishwa kutoka vitani. Kaburi liko Mlambalasi, na safari haijatimia mpaka wamefika huko.

Nashauri, basi, mambo mawili. Kwanza, katika kuandika habari za makaburi yaliyofukuliwa, tutumie maneno ya watu kwa watu: mtu amekutwa, alizikwa, alilazwa. Pili, kila mwalimu awaulize wazee wa kijiji chake mahali walipozikwa watu wa zamani, apaandike pamoja na majina yanayokumbukwa, hasa pasipo na jiwe. Jembe na barabara hupita mahali kama hapo kila mwaka, na mahali pasipo alama hapana mtetezi ila aliyepaandika.