Namba ya upepo ya Jambiani inatoka wapi

Utabiri wa upepo unaosomeka kwenye simu kwa jina la Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kwa kawaida haukutengenezwa kwa ajili ya Jambiani. Modeli za dunia nzima huigawa anga katika miraba. Modeli kuu ya kituo cha utabiri cha Ulaya hutumia miraba ya kilomita 9 hivi tangu 2016. Data za Marekani, ambazo programu nyingi za simu huzichukua bure, zimepangwa kwa robo digrii, yaani karibu kilomita 28 huku kwetu jirani na ikweta. Unguja yenyewe haizidi kilomita 40 kwa upana. Kwa hiyo mraba mmoja hubeba bahari kuu, mwamba, maji mafupi ya ndani, minazi na vichaka vya uwandani, kisha vyote hupewa namba moja. Miti na nyumba hukaba upepo, bahari haiukabi hivyo. Ndiyo sababu nje ya mwamba mvuvi hukuta upepo mkali kuliko alioambiwa.

Jambo la pili ni uelekeo wa pwani. Pepo za msimu, kusi na kaskazi, zote mbili hufika Jambiani zikitoka baharini kwa mshazari. Mchana ardhi ikipata joto, upepo wa bahari huongezeka juu ya huo wa msimu, na alasiri ndiyo huwa kilele. Upande wa Mji Mkongwe mambo hugeuka: wakati wa kusi, upepo wa bahari wa mchana hupingana na upepo wa msimu. Anayeisikia hali ya mjini akadhani ndiyo ya Jambiani amekosea.

Lakini kinachoamua usalama wa ngalawa zaidi ya vyote ni maji, na namba ya upepo haiyataji. Siku za bamvua, maji hujaa Unguja yapata saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakiwa yamekupwa, mwamba huvunja mawimbi na ndani kunatulia. Yakijaa, mawimbi hupita juu yake. Kisha yanaanza kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa mwamba, wakati ambapo upepo wa alasiri bado unasukuma kuja pwani. Mkondo na upepo vikikabiliana hapo, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Kilomita 25 kwa saa ambazo asubuhi zilikuwa safari nzuri, jioni mlangoni ni hatari. Kwa maoni yangu, utabiri wa kijiji cha pwani usio na jedwali la maji haujakamilika.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Kipimo hicho kinafaa kwa pwani nzima, ila chombo kidogo hulemewa mapema zaidi. Nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 20 hadi 30, msukumo huzidi maradufu. Na namba inayotolewa ni wastani katika kimo cha mita 10. Dharuba za ghafla huipita.

Kuna kosa jingine la kila siku. Baadhi ya ramani huandika saa za dunia, nasi tuko mbele kwa saa tatu: 12:00 ya ramani ni saa tisa alasiri kwetu.

Kazi iliyobaki ni ya kijiji, wala haihitaji fedha nyingi. Kamati ya wavuvi iweke daftari dikoni: utabiri wa asubuhi, saa ya maji kujaa, na hali iliyokutwa mlangoni. Baada ya kusi moja na kaskazi moja, sheha apeleke nakala kwa Mamlaka. Watabiri wanazihitaji taarifa hizo, kwa kuwa hakuna mraba wa kompyuta unaouona mlango wa mwamba wa Jambiani.