Fundi Mwenye Mikono Mgongoni

Fundi wa viti vya watoto anayeijua kazi yake haanzi kwa kukigusa kiti. Kwanza huomba vitabu viwili: kilichokuja na kiti, na cha gari lenyewe, ambacho kwa kawaida kimelala ndani ya dashibodi tangu gari linunuliwe. Huvifungua vyote viwili juu ya boneti na kusoma taratibu, kwa sababu kiti kilichotulia kabisa katika gari moja huweza kuyumba katika jingine, na sababu mara nyingi imeandikwa katika mstari ambao mzazi aliuruka.

Fundi niliyemtazama anafanya kazi hii Louisville, Kentucky, mji ambako familia nyingi kutoka Kongo zimeanza maisha mapya. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Bukavu. Aliisomea kazi hii na kufaulu mtihani wa cheti unaosimamiwa na shirika la Safe Kids Worldwide. Marekani ina maelfu ya mafundi wa namna yake, na wengi hujitolea tu mwisho wa juma, kwenye maegesho ya magari, bila malipo. Siku hiyo walikuja baba kijana, mkewe, na binti yao wa miezi kumi. Kiti kilikuwa kingali ndani ya boksi.

Kilikuwa cha aina inayogeuzwa. Mtoto huanza akiwa ametazama nyuma ya gari, na akishapita kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa ubavuni, kiti hicho hicho hugeuzwa atazame mbele. Baba alikuwa na wasiwasi kwamba amenunua cha bei ndogo mno. Mama fundi alimtuliza kwa jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: kila kiti kinachouzwa kihalali Marekani kinapaswa kutimiza kiwango kile kile cha serikali, namba 213, ambacho jaribio lake la mgongano hufanywa kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa. Pesa zaidi hununua kitambaa laini, vikomo vya juu zaidi, na mikanda isiyosumbua kurekebisha. Kwa hiyo maswali yake yeye ni mengine. Kiti kinaenea kwenye siti ya nyuma bila dereva kubanwa magoti? Mikanda inaukaa mwili wa mtoto huyu, si wa mtoto wa kwenye picha? Na mama ataweza kuifunga sawasawa asubuhi ya baridi, amechelewa kazini, mtoto analia?

Jambo moja halilegezei: kiti cha kupewa ambacho historia yake haijulikani. Sisi ni watu wa kurithishana vitu vya watoto, na ni desturi njema. Ila kiti kilichopitia ajali kubwa huweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usioonekana kwa jicho, na kila kiti kina tarehe ya mwisho wa matumizi, mara nyingi kati ya miaka sita na kumi tangu kutengenezwa. Alimwonyesha baba mahali ilipo, akamfanya aisome kwa sauti.

Kuhusu kutazama nyuma, naona hapa ndipo pana fikra nzuri kuliko zote katika ufundi huu, na ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bertil Aldman, profesa wa Sweden, aliona jinsi viti vya chombo cha anga cha Gemini vilivyoundwa ili wanaanga walale chali wakati wa kurushwa, ili msukumo mkubwa usambae mgongo mzima badala ya kulemea sehemu moja. Akajiuliza kama mtoto ndani ya gari hawezi kupata kinga hiyo hiyo. Mwaka 1964 kiti chake cha majaribio kilitiwa ndani ya gari la Volvo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, nacho hubebwa na shingo ambayo mifupa yake bado imeunganishwa kwa gegedu laini. Gari likigonga mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega huku kichwa kikirushwa, na shingo ndiyo inayokizuia. Anayetazama nyuma huzama ndani ya gamba la kiti: kichwa, shingo na mgongo vinakwenda pamoja.

Mke wa baba kijana aliuliza, kwa upole, kama kwa safari fupi ya sokoni hawezi kumpakata binti yao. Swali hilo liliwahi kuingia hadi kwenye sheria. Tennessee, jimbo jirani, lilikuwa la kwanza Marekani kuwalazimisha wazazi kutumia viti hivi, kuanzia mwaka 1978, baada ya kampeni ndefu ya Robert Sanders, daktari wa watoto. Lakini wabunge walikuwa wamechomeka kifungu kinachoruhusu mtoto kupakatwa, na ilichukua hadi 1981 kukiondoa. Mama fundi hakutaja lolote kati ya hayo. Alimpa mama hesabu tu: katika mgongano ambao gari linasimama kwa nguvu mara ishirini ya mvutano wa dunia, mtoto wa kilo kumi hukuvuta kama mzigo wa kilo mia mbili. Hakuna mikono ya mzazi yeyote inayoweza kuushika.

Ndipo kazi yenyewe ikaanza, na hapo nilishangaa. Mama fundi alirudi nyuma hatua moja, akafumbata mikono yake mgongoni. Aliyeingia garini ni baba. Huu ndio msimamo wa taaluma yao: fundi anafundisha, mzazi anafunga, kwa kuwa kiti kitatolewa na kurudishwa mara nyingi fundi akiwa hayupo. Nimeona mafundi wa kazi nyingine wanaoificha siri ya mikono yao. Huyu aliimwaga yote, na kujizuia kwake kulikuwa kugumu. Niliona vidole vikicheza nyuma ya kanga yake.

Kiti hufungwa kwa njia mbili: kwa vyuma vidogo vilivyofichwa kwenye mshono wa siti, au kwa mkanda wa gari. Zote ni salama, na huchaguliwa moja, isipokuwa kitabu kiruhusu zote mbili kwa pamoja. Walichagua mkanda. "Papa, pitisha hapo penye alama ya kutazama nyuma. Sasa vuta mkanda wa bega mpaka mwisho wake, kabisa, halafu uachie urudi." Mkanda ukarudi ukitoa mlio wa kukata hatua kwa hatua; maana yake umejifunga na hautalegea. Akamwambia aegemeze mkono wote ndani ya kiti, aweke uzito wake, na avute mkanda uliobaki.

Baba alikamata kiti juu, upande wa kichwa, akakitikisa. Kikayumba, naye akakata tamaa. Karibu kila mtu hukosea hapo: kiti kinachotazama nyuma huruhusiwa kucheza upande wa kichwani. Pa kupimia ni pale mkanda unapopita, kwa mkono mmoja, kwa nguvu ya kawaida, na hapo kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Hakikusogea. Kisha wakatazama mstari uliochorwa ubavuni, unaopaswa kulala sambamba na ardhi ili kichwa cha mtoto kisiangukie kifuani na kuziba njia ya hewa. Mstari huo husema kweli pale tu gari linaposimama mahali tambarare, na ndiyo maana mama fundi alikuwa amelisogeza gari hilo kabla ya jambo lolote.

Mikanda ya mtoto ilikuwa zamu ya mama. Alimvua binti koti nene, kwa kuwa unene huo husinyaa kwenye ajali na kuacha mkanda umelegea. Koti hufunikwa juu baadaye. Kwa anayetazama nyuma, mikanda hutokea usawa wa mabega au chini yake, na klipu hukaa usawa wa kwapa. Mama alikaza kwa huruma. "Mama, ungembeba kwa mbeleko ukipanda kilima cha kwetu, ungemwacha hivyo?" Akacheka, akakaza tena. Wakajaribu kubana mkanda kwa vidole viwili begani. Vidole vikateleza, hakikubaki kikunjo cha kushika.

Baba alikuwa amepanga kukigeuza kiti siku mtoto atakapotimiza mwaka. Tangu 2018 madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto aendelee kutazama nyuma hadi afikie kikomo cha kiti chake. Cha kwao kilikuwa kilo 18, au kichwa kikibakiza chini ya sentimita mbili na nusu kufika ukingo wa juu. Binti yao alikuwa na kilo tisa. Siku ya kugeuza itakapofika, mkanda wa gari utapita njia nyingine, mikanda ya mabega itapandishwa, na mkanda wa juu utafungwa nyuma ya siti ili kichwa kisirushwe mbali. Baba alitoa kalamu, akaandika kikomo hicho kwenye jalada la kitabu cha kiti, na ile habari ya siku ya kuzaliwa hakuitaja tena.