Wachungaji wa Njoro: Kuusoma Upya Wasifu wa Lord Delamere

Mwaka 1935 kampuni ya Macmillan ya London ilichapisha juzuu mbili za Elspeth Huxley ziitwazo White Man's Country. Zinasimulia maisha ya Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, na jinsi koloni la Kenya lilivyojengwa. Mlowezi huyo alikuwa amefariki miaka minne tu kabla yake. Mwandishi alizaliwa London mwaka 1907, akapelekwa Thika akiwa mtoto, na kitabu kilipotoka alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Hadi leo anayetaka kufuatilia maisha ya Delamere huanzia hapo. Ni rahisi kukikataa kitabu hiki kwa jina lake, kwani kuiita Kenya nchi ya mzungu ni dai linalojihukumu lenyewe. Hata hivyo, msomaji anayekiweka chini upesi hukosa jambo la thamani: ushahidi mzito dhidi ya dai hilo umo katika kurasa zake zenyewe.

Delamere alizaliwa mwaka 1870, mrithi wa ardhi kubwa huko Cheshire. Mwaka 1897 aliingia nyanda za juu kutoka upande wa Usomali, akiwa katika safari ya uwindaji. Mwaka 1903 alirudi kulowea, akapewa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Huxley anayasimulia yaliyofuata kwa mwendo wa utenzi. Shujaa anaiweka rehani ardhi ya baba zake, analala katika nyumba ya udongo, anapambana na maradhi ya mifugo na kutu ya ngano, anashindwa, kisha anaanza tena. Sifa ya mwandishi isifichwe: ni wachache walioandika vizuri kama yeye juu ya deni, mvua na hesabu za shamba. Msomaji hujikuta akimwonea Delamere huruma kabla hajajiuliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani.

Kisa cha kondoo ndicho kipimo cha kitabu kizima. Mwaka 1904 Delamere aliagiza kondoo jike 500 wa aina ya merino kutoka New Zealand. Katika kila watano, wanne walikufa upesi. Malisho ya Njoro, yaliyoonekana mazuri kwa macho, yalikosa madini ambayo mifugo huyahitaji. Wamaasai, waliofuga katika bonde hilo kwa vizazi, walikuwa wakiyakwepa. Mgeni aliona majani marefu yasiyo na ng'ombe, akahitimisha kwamba nchi ni tupu. Utupu huo ulikuwa hukumu ya watu walioijaribu ardhi wakaijua. Kila uwanda uliokosa mifugo ulikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo yalikuwa vinywani mwa wachungaji.

Huxley haifichi habari hii. Tatizo ni mahali anapoiweka. Katika usimulizi wake, vifo vya kondoo ni mtihani wa shujaa, na ujuzi aliokuja kuupata ni tunda la ustahimilivu wake. Wale waliokuwa na ujuzi huo tangu mwanzo wanapita pembeni mwa hadithi. Delamere alijulikana kwa kuwapenda Wamaasai, kuzungumza lugha yao na kuwaajiri wachunge mifugo yake, na kitabu kinalitaja jambo hilo kwa furaha. Lakini wanaingia kama kundi lenye tabia: hodari, wenye maringo, wenye kupendeza. Barua za bwana zinanukuliwa, ilhali maneno ya mchungaji yanafupishwa. Hivyo wasifu unaosifia urafiki unashindwa kumpa rafiki jina na hoja yake.

Ukimya huo haukuwa wao. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukaamuru wahame Laikipia pia. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Hoja iliyowashinda ilikuwa kwamba mikataba ile ilifungwa na watu wenye hadhi kama ya dola, kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na mamlaka ya kuiamua. Watu waliosimuliwa kama wapambe wa shamba walipewa heshima ya dola siku ile tu ambayo heshima hiyo iliwakosesha ardhi.

London ndiyo iliyotoa muhuri. Mwaka 1923 Delamere alifika huko akiongoza ujumbe wa walowezi, wakati serikali ilipokuwa ikizipima hoja zao na za Wahindi wa Kenya. Waafrika hawakuwa na ujumbe wao. Mmisionari, Dakta J. W. Arthur, ndiye aliyekuwapo kuyasemea maslahi yao. Waraka wa Devonshire ukatamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, huku nyanda za juu zikibaki mikononi mwa Wazungu.

Hata hivyo, jiji hilohilo lilikuwa likichapisha sauti nyingine. Mwaka 1934 Hogarth Press ilitoa kitabu cha Parmenas Mockerie, An African Speaks for His People, chenye dibaji ya Julian Huxley, binamu wa mume wa Elspeth. Mwaka huohuo Sheldon Press ilitoa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kwa Kiswahili. Mbotela aliwashukuru Waingereza kupita kiasi, kama wahakiki walivyoonyesha mara nyingi, lakini aliandika habari za watu wake kwa lugha yao. Mwaka 1938 ukafuata Facing Mount Kenya cha Jomo Kenyatta. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba zama zile hazikuruhusu kusikia.

Wala umbo la uandishi halikukosekana. Mwaka 1901 Carl Velten alikuwa amekwisha kuchapisha Safari za Wasuaheli, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia akiwa pamoja na Wazungu aliowatumikia. Mtumishi anautazama ulimwengu wa bwana, anaupima na kuueleza kwa Kiswahili safi. Habari za namna hiyo kutoka Njoro zingeligeuza shairi la ushujaa kuwa mazungumzo: bwana anaeleza alichokusudia, mchungaji anaeleza alichojua.

Huxley mwenyewe yaelekea alilihisi pengo hilo. Miaka minne baadaye alitoa riwaya, Red Strangers, inayojaribu kuutazama ujio wa Wazungu kwa macho ya familia ya Wakikuyu. Mtu anaweza kubishana juu ya haki yake ya kuwasemea, lakini kazi hiyo yaonyesha mwandishi aliyekwisha kutambua kwamba hadithi ya mlowezi haijitoshelezi.

Sanamu ya Delamere iliondolewa katikati ya Nairobi baada ya uhuru, na barabara iliyobeba jina lake sasa ni ya Kenyatta. Wasifu wake haukuondolewa, wala hauna haja ya kuondolewa. Wanaozifungua leo nyaraka za koloni huko Kew watakuta maombi ya ardhi, ramani na hesabu za mifugo. Kila neno «tupu» katika nyaraka hizo linadai swali moja: ni nani aliyekuwa amekwisha kuijua ardhi hiyo, na alisema nini? Kisa cha kondoo 500 kimekwisha kuonyesha gharama ya kutouliza.